UZI: Kusanidi swichi kwa mstari wa amri. Kabla hujabonyeza Enter, jua utarudije

Mleta mada (Kampala)

Wadau, salaam.

Uzi huu ni wa mafundi vijana wa mitandao hapa Uganda, hasa wenzetu wa Arua, Soroti, Kasese na Moroto. Unaitwa kwenye shule au SACCO, unakuta kabati la chuma, ndani yake swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za jengo kwa kebo) ya porti 24, yaani matundu 24, imejaa vumbi, na aliyeifunga hapatikani tena kwa simu. Ukurasa wake wa wavuti haufunguki, au unafunguka lakini unadai vitu vya zamani ambavyo vivinjari vya leo vimeshaviacha. Kinachobaki ni kebo ya konsoli (inayounganisha laptopu yako na swichi moja kwa moja) na mstari wa amri (unaandika amri kwa maneno badala ya kubonyeza vitufe). Mimi nasema hicho ndicho chombo ambacho ungeanza nacho hata kama ukurasa ungefunguka.

Ukurasa wa wavuti unakuonyesha kipande kimoja kwa wakati. Mstari wa amri unakupa swichi nzima kwa maandishi: `show running-config`, basi, umeona karibu kila kitu. Maandishi hayo unayanakili, unayasoma na mwenzako, unayaweka kwenye flashi. Radi ikipiga na swichi ikafa (sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tunazijua radi zetu), unayamwaga kwenye swichi nyingine ya aina hiyohiyo na ofisi inarudi kazini siku hiyohiyo.

Watu wanauogopa mstari wa amri kwa sababu isiyo sahihi. Amri zenyewe ni chache na zinazoeleka. Kinachowaumiza watu ni kutoa amri wakiwa wamepita kwenye njia ambayo amri hiyo inaikata. Kila nitakachoandika hapa kinarudi kwenye jambo hilo.

Nitatumia swichi za Cisco Catalyst 2960, maana ndizo ninazokutana nazo zaidi.

Konsoli. Ni kebo bapa ya bluu, upande mmoja RJ45, upande wa pili tundu la pini 9. Laptopu za sasa hazina tundu hilo, kwa hiyo beba adapta ya USB. Kwenye Windows fungua PuTTY (programu ya kuandikia amri), chagua Serial, weka namba ya COM uliyoiona kwenye Device Manager. Kwenye Linux ni `screen /dev/ttyUSB0 9600`. Kasi 9600, biti za data 8, pariti hakuna, biti ya kukomea 1, udhibiti wa mtiririko uzimwe. Herufi za ajabu zikijaa kwenye skrini, kasi si hiyo. Skrini ikiwa kimya, bonyeza Enter mara chache kabla ya kuilaumu kebo.

Halafu jifunze kusoma alama iliyo mwanzo wa mstari. `Switch>` unatazama tu. Ukiandika `enable` inakuwa `Switch#`, na hapo unaona yote, unaweza hata kuiwasha upya. `configure terminal` inakupeleka `Switch(config)#`, unagusa swichi nzima. `Switch(config-if)#` unagusa porti uliyoichagua. Fundi asiyesoma alama hii huandika amri sahihi mahali pasipo sahihi. Ukikwama, andika `?` na swichi itakutajia maneno yanayokubalika hapo ulipo. Tab inakumalizia neno.

Sasa swichi za mtumba, maana nyingi tunazinunua hivyo. Huwa zinakuja na mambo ya ofisi zilikotoka. Kabla ya kuichomeka popote:

```
write erase
delete flash:vlan.dat
reload
```

Ikikuuliza kama uhifadhi mabadiliko kabla ya kuwaka upya, jibu `no`. Watu wengi wanaandika amri ya kwanza na kuiacha ya pili. Faili la vlan.dat halifutwi na `write erase`, na ndilo linalobeba orodha ya VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya swichi hiyohiyo) pamoja na namba ya marekebisho ya VTP (itifaki inayosambaza orodha hiyo kwa swichi nyingine). Swichi ya mtumba yenye jina la VTP linalofanana na lenu na namba kubwa kuliko zenu ikiingia kwenye trunki (kebo kati ya swichi na swichi), swichi zenu zinaifuata yenyewe, na VLAN zenu zinatoweka jengo zima. Mimi kwenye mitandao midogo naweka `vtp mode transparent` kila swichi na kulimaliza suala hilo.

Ukiwa hapo, angalia `show version`. Jina la programu likiwa na `k9` ndani yake, swichi ina uwezo wa SSH (kuingia ukiwa mbali kwa mawasiliano yaliyofichwa). Kama haina, utabaki na Telnet, ambayo inapitisha nenosiri wazi kwenye waya. Ulizia hili dukani kabla hujalipa.

VLAN. Chukua shule ya kawaida: 10 kwa bursa na walimu, 20 maabara ya kompyuta, 30 waifai ya wageni, 99 ya usimamizi. Hakuna sababu ya kompyuta ya mwanafunzi kuwa kwenye mtandao mmoja na kompyuta ya karo.

```
vlan 20
 name MAABARA
interface range fastEthernet 0/1 - 16
 switchport mode access
 switchport access vlan 20
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
```

Mistari miwili ya mwisho ina uzito. Bila portfast, kompyuta ikiwashwa porti inasubiri sekunde 30 (15 za kusikiliza, 15 za kujifunza) kabla ya kupitisha kitu, na wakati mwingine kompyuta inakuwa imeshakata tamaa ya kupata anwani. Bpduguard nayo inalinda: mtu akichomeka ncha mbili za kebo moja kwenye matundu mawili ya ukutani, swichi inasikia ujumbe wake wenyewe na kuifunga porti, kabla kitanzi hakijauangusha mtandao wote. Kazi ya kuzuia vitanzi tunaidai kwa Radia Perlman, aliyebuni itifaki ya spanning tree akiwa DEC mwaka 1985. Kila fundi amjue mama huyu.

Trunki, yaani kebo inayobeba VLAN nyingi kutoka swichi moja kwenda nyingine. Hapa ndipo ajali nyingi zinapotokea. Trunki yako inapitisha 10, 20, 30 na 99. Mwalimu mkuu anataka VLAN 40 ya kamera. Ukiandika:

```
switchport trunk allowed vlan 40
```

umeiambia swichi iruhusu 40 *peke yake*. Nyingine zote zimekatika, pamoja na 99 uliyoingilia. Skrini inaganda hapohapo. Amri sahihi ni:

```
switchport trunk allowed vlan add 40
```

Neno `add`. Liandike kwenye karatasi ulibandike ndani ya mlango wa kabati.

SSH nayo ina mpangilio wake, na mpangilio ukivurugika unabaki nje:

```
hostname SW-UTAWALA
ip domain-name shule.local
crypto key generate rsa modulus 2048
ip ssh version 2
username fundi privilege 15 secret WEKA-LAKO-REFU
interface vlan 99
 ip address 10.0.99.2 255.255.255.0
 no shutdown
ip default-gateway 10.0.99.1
line vty 0 15
 login local
 transport input ssh
```

Ufunguo wa RSA (ndio SSH inautumia) unahitaji jina la swichi na jina la domeni viwe vimeshawekwa. Mtumiaji awepo kabla ya `login local`. Na `transport input ssh` iwe ya mwisho kabisa, maana kama uliingia kwa Telnet na ufunguo haujatengenezwa, ukitoka hurudi.

Nimefika kwenye lililonifanya nianzishe uzi. Uko Kampala, swichi iko Arua. Ni zaidi ya kilomita 400, na mnakumbuka mwaka 2024 daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo, magari yakawa yanazunguka njia ndefu. Huwezi kusema "nikikatika nitaenda na konsoli". Fanya hivi:

```
write memory
reload in 10
```

Umehifadhi hali nzuri ya sasa, kisha umeiagiza swichi ijiwashe upya baada ya dakika 10. Sasa fanya badiliko lako. Kama limekukata, usihangaike. Badiliko liko kwenye RAM tu. Dakika zikiisha swichi inawaka na mipangilio uliyohifadhi, nawe unaingia tena. Kama halikukukata, usiamini dirisha ulilo nalo. Fungua dirisha la pili la SSH, ingia upya, jaribu. Ukiridhika:

```
reload cancel
write memory
```

Kosa la kuepuka hapa ni kuandika `write memory` kabla ya kujaribu. Ukishahifadhi kibaya, swichi itawaka na kibaya hichohicho. Na wajulishe watu wa huko mapema, kwamba mtandao unaweza kupotea dakika chache.

Kumbukeni pia upande wa pili wake: badiliko zuri usilolihifadhi linasubiri umeme ukatike. Mnajua umeme wetu.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

Mchangiaji wa Mbarara

Mzee mwenzangu, umeeleza vizuri lakini sikubaliani na wewe jambo moja. Wateja wangu wengi hawana Cisco. Wana MikroTik, wana swichi ndogo za TP-Link, wachache wana Huawei. MikroTik naiendesha kwa Winbox, programu yake ya kubonyeza madirisha, na sijapungukiwa. Unawatisha vijana na konsoli wakati wengine hawataiona kamwe.

---

Mleta mada (Kampala)

Hoja yako ina uzito, mzee. Winbox ni chombo kizuri na siwaambii watu wakiache. Ila hata ndani ya Winbox kuna kitufe cha Safe Mode, na kwenye terminali ya MikroTik ni Ctrl+X: ukikatika kabla ya kukiondoa, kifaa kinarudisha mabadiliko yako yote. Vijana wangapi wanakitumia? MikroTik inahifadhi papo hapo, haina `write memory`, kwa hiyo bila Safe Mode huna pa kurudia. Na `/export` inakupa usanidi wote kwa maandishi, uzuri uleule ninaousema.

Juniper, chapa nyingine ya vifaa vya mtandao, wamelifanya jambo hili la kurudi vizuri kuliko wote. Unaandika `commit confirmed 10`; usipothibitisha ndani ya dakika 10 inarudi ilikokuwa yenyewe, bila hata kuwaka upya.

Huawei: badala ya `configure terminal` ni `system-view`, badala ya `show` ni `display`, badala ya `no` ni `undo`, na kuhifadhi ni `save`. Aliyeelewa VLAN na trunki kwenye Cisco anahamia huko kwa siku chache. Aliyezoea vibonyezo vya chapa moja anaanza upya. Ndiyo sababu nasisitiza.

---

Mchangiaji wa Mbale

Kaka, shikamoo na asante kwa uzi. Mimi ni fundi wa shule huku Mbale. Maabara yetu iko VLAN 20, seva inagawa anwani za 10.0.20.x. Tangu wiki iliyopita baadhi ya kompyuta zinapata 192.168.1.x na intaneti haipatikani. Nikizizima na kuziwasha, nyingine zinapona, nyingine zinaugua. Nimebadilisha kebo, haijasaidia. Nianzie wapi?

---

Mleta mada (Kampala)

Marahaba dada. Kebo ziache, hazina kosa. Kuna mtu amechomeka ruta ya nyumbani kwenye tundu la ukutani, tena kwa upande wa LAN, nayo inagawa anwani zake. Kompyuta inachukua ya yule anayejibu kwanza, ndiyo maana leo hii inapona, kesho ile.

Nenda kwenye kompyuta inayougua. `ipconfig /all`, tazama mstari wa DHCP Server, yaani anayegawa anwani. Tuseme ni 192.168.1.1. Kisha `arp -a`, chukua anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) iliyo mkabala na hiyo 192.168.1.1. Windows itakuandikia kwa vistari, pea sita. Cisco inaandika kwa nukta, makundi matatu ya herufi nne, kwa hiyo ipange upya. Kwenye swichi:

```
show mac address-table address aabb.ccdd.eeff
```

Weka ya kwako. Jibu litakutajia porti. Ikikutajia porti ya trunki, maana yake ruta iko swichi ya upande wa pili. Ingia huko na uulize swali lilelile. Usifunge porti ya trunki, utaikata maabara nzima.

---

Mchangiaji wa Gulu

Wakuu, samahani kuingilia. Nina 2960 ya ofisi, nenosiri la enable hakuna anayelijua. Nifute kila kitu?

---

Mchangiaji wa Jinja

Ndugu wa Gulu, usifute, usanidi wa zamani utakusaidia. Ila kwanza pata ruhusa ya mwenye ofisi kwa maandishi. Tuna Computer Misuse Act ya 2011, na kuingia kifaa cha watu bila idhini si jambo la kueleza baadaye.

Unganisha konsoli. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha Mode kilicho mbele, chomeka umeme huku umeshikilia. Achia taa ya SYST ikishageuka rangi ya chungwa kidogo kisha kijani kisichopepesa. Utaona `switch:`. Andika:

```
flash_init
rename flash:config.text flash:config.old
boot
```

Itawaka kama mpya. Ikikuuliza kama unataka mazungumzo ya usanidi wa mwanzo, jibu `no`. Ingia `enable`, halafu:

```
rename flash:config.old flash:config.text
copy flash:config.text system:running-config
configure terminal
enable secret JIPYA
```

Sasa uko ndani na usanidi wote upo. Angalia `interface vlan` ya usimamizi, mara nyingi inabaki imezimwa, ipe `no shutdown`. Mwisho `write memory`. Porti zote zitakuwa chini kwa muda huo, fanya jioni watu wakishaondoka.

---

Mleta mada (Kampala)

Asante ndugu wa Jinja, sina la kuongeza isipokuwa hili: ndiyo maana chumba cha swichi kinafungwa kwa kufuli. Mwenye mkono kwenye kitufe cha Mode ndiye mwenye swichi.

---

Mchangiaji wa Mbale

Kaka, nimeipata! Ilinielekeza trunki, nikaingia swichi ya pili, ikasema Fa0/17. Nimefuata kebo mpaka stoo ya vitabu. Kuna ruta ndogo, mtunza stoo aliiweka apate waifai. Nimezungumza naye vizuri, tumeitoa. Kompyuta zote zimerudi 10.0.20.x. Sasa nazuiaje isitokee tena? Siwezi kukagua kila tundu kila siku.

---

Mleta mada (Kampala)

Hongera sana dada, na vizuri kwamba ulizungumza naye. Mpatie waifai ya VLAN 30 ili asiwe na haja ya kuleta nyingine.

Kuzuia, washa DHCP snooping. Swichi itakubali majibu ya DHCP kutoka porti unayoiamini tu, yale ya porti nyingine inayatupa. Anza na porti ya kuaminika *kabla* ya kuwasha, la sivyo hata seva yako mwenyewe itanyamazishwa:

```
interface gigabitEthernet 0/1
 ip dhcp snooping trust
exit
no ip dhcp snooping information option
ip dhcp snooping vlan 20
ip dhcp snooping
```

Gi0/1 iwe ndiyo inayoelekea kwenye seva, kwa kila swichi. Mstari wa `information option` ni muhimu: usipouzima, swichi inabandika taarifa za ziada kwenye maombi ya kompyuta, na baadhi ya seva zinayakataa. Utakaa ukitafuta kosa lisiloonekana.

---

Mchangiaji wa Mbale

Swichi ya kwanza tayari, `show ip dhcp snooping` inaonyesha Gi0/1 ni ya kuaminika na kompyuta zinapata anwani. Hii ya pili iko jengo la mbali, naiingilia kwa SSH kutoka ofisini. Nifanye tu vilevile?

---

Mleta mada (Kampala)

Bado. Kwanza `show cdp neighbors`, uhakikishe trunki ya swichi hiyo ni Gi0/1 kweli, huenda fundi wa kwanza alitumia Gi0/2. Kisha `write memory`, `reload in 10`, ndipo uandike. Ukimaliza, kompyuta moja ya jengo hilo iombe anwani upya kwa `ipconfig /release` na `ipconfig /renew`. Ikipata 10.0.20.x, `reload cancel`, `write memory`.

---

Mchangiaji wa Mbale

Ilikuwa Gi0/2, kaka. Nimeiweka trust hiyo, kompyuta imepata 10.0.20.43, nimefuta reload na kuhifadhi. Usanidi wa swichi zote mbili nimeunakili kwenye flashi na nakala nyingine iko kwa mwalimu mkuu.